Zabibu bila mbegu nusura zinikosanishe na mama mkwe!

JUMAPILI moja niliingia nyumbani na pakiti ya zabibu zile za kijani, nono, zisizo na mbegu. Mama watoto alikuwa mjamzito na kila siku wimbo ulikuwa huo huo: zabibu! Kabla hajatia hata moja mdomoni, mama mkwe akaidaka pakiti.

"Baba, tunda gani halina mbegu? Hizi zimepigwa sindano za homoni. Unataka kumdhuru mjukuu wangu?"

Nikanywea. Mama mkwe hajibiwi hovyo, ati. Nikaenda kusoma, na kumbe mambo yenyewe ni haya.

Kwanza, hakuna sindano. Chukua Thompson Seedless, zabibu maarufu ya kijani huko California, Marekani. Hiyo haina mbegu kwa maumbile yake: mbegu huanza kukua, halafu hufa zingali changa. Mkulima akitaka mche mpya hukata kijiti na kukipanda, kama sisi na muhogo.

Kasheshe iko hapa. Mbegu ndiyo huitengenezea zabibu homoni ya kukua, iitwayo jiberelini. Mbegu ikifa mapema, punje hubaki ndogo. Ndiyo maana tangu miaka ya 1960 wakulima wa kule hunyunyizia homoni hiyo.

Iligunduliwaje? Mwaka 1926 Mjapani Eiichi Kurosawa alikuwa akichunguza ugonjwa unaofanya mpunga urefuke kama mlingoti. Mchawi akawa ni kuvu, na kitu kinachotoka kwenye kuvu hiyo ndicho kilichokuja kuitwa jiberelini.

Huko California mzabibu huchipua Machi na kuchanua Mei. Wakati wa maua hunyunyiziwa kidogo ili baadhi yapukutike, punje zisibanane kama abiria wa daladala. Punje zikifika upana wa milimita 4 au 5, hupigwa dozi ya kunenepesha. Hapo bado ni ngumu na zina ukali wa ndimu, maana zimejaa asidi ya tartariki na ya maliki. Kisha hutulia kidogo, kama zimegoma kukua. Baadaye hulainika, asidi hupungua, na sukari humiminika kutoka kwenye majani.

Lakini homoni ina gharama yake. Ikizidi, utamu huchelewa, vikonyo hukakamaa, na mwaka unaofuata mzabibu huzaa mashada machache. Mkulima mroho hujikomoa mwenyewe!

Je, sisi walaji? Jiberelini ni homoni ya mimea, siyo ya uzazi wa binadamu. Hata zabibu zetu za Dodoma, zenye mbegu zake, hujitengenezea yenyewe. Marekani haikuona haja ya kuiwekea kikomo cha mabaki kwenye chakula. Cha kuangalia ni dawa za wadudu na ukungu, ambazo zabibu yoyote inaweza kuwa nazo, yenye mbegu au isiyo nazo. Kwa hiyo osha vizuri kwa maji yanayotiririka.

Nilimweleza mama mkwe yote hayo kwa adabu. Akasikiliza kimya, akaenda jikoni, akaziosha mara tatu. Akaonja moja. Akaonja nyingine.

Nilipopita tena sebuleni pakiti ilikuwa tupu.

"Baba," akaniambia bila kunitazama, "mletee mwenzio nyingine. Hizi zilikuwa chache."