Hundi ya tarehe ya mbele ni ahadi, si fedha

Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa walimwengu wote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Ama baada ya hayo.

Katika nyanda za juu za Kigoma, Kasulu hadi Kibondo, mkulima hutoa maharage na mahindi yake, naye mfanyabiashara huahidi kulipa akishauza. Mwenye akaunti benki huweza kuandika hundi yenye tarehe ya mbele, na wapo wanaodhani kuwa kwa karatasi hiyo deni limekwisha. Sivyo.

Kwa sheria yetu, hundi haibatiliki kwa kuwa na tarehe ya mbele. Lakini benki haipaswi kuilipa kabla ya siku hiyo. Ikipelekwa mapema hurudishwa. Siku ikifika, hulipwa iwapo akaunti ina fedha za kutosha na mwandishi hajaizuia. Benki ikipata taarifa kuwa mwandishi amefariki, hailipi tena. Hapo mdai hurejea kwa warithi, nao huenda hawajui lolote juu ya deni hilo.

Ndiyo maana Suratul Baqara, aya ya 282, inatuamrisha kuyaandika madeni ya muda na kuweka mashahidi. Hundi haielezi deni limetokana na nini, wala haina mashahidi. Basi pamoja nayo tuandike mkataba: kiasi cha mali, bei na tarehe. Wenye nyumba nao waambiwe, kwani deni la marehemu hutangulia mirathi. Mtume (s.a.w.) alijizuia kumsalia maiti mwenye deni mpaka Abu Qatada (r.a.) alipolibeba.

Mwandishi wa hundi atambue kuwa mwenye uwezo anapochelewesha malipo amedhulumu, na anayeandika akijua hatakuwa na fedha amehadaa. Mpokeaji naye asiipeleke benki kabla ya siku waliyoafikiana. Mdaiwa akipatwa na dhiki ya kweli, aya ya 280 inatutaka tumpe muda. Lakini kumwongezea deni kwa sababu ya muda huo ni riba. Vivyo hivyo, kuiuza hundi kwa fedha taslimu pungufu kabla ya tarehe yake: Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lilipokutana Jeddah mwaka 1992, lilibainisha kuwa punguzo la namna hiyo katika hati za biashara halijuzu, kwani huingia katika riba.

Ndugu Waislamu, tarehe tuliyoiandika kwa mkono wetu tutaulizwa juu yake. Tuitimize tungali hai.

Wallahu a'lam.