Desturi za Wasuaheli: Kitabu ni cha Nani?

Sisi wanafunzi wa fasihi tukiulizwa nathari ya Kiswahili ilianzia wapi, jibu liko mdomoni: Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, 1934, halafu Shaaban Robert. Jibu hili limekaririwa mno hata halihojiwi. Makala haya yanakusudia kulihoji kwa kumtazama mtu ambaye hatajwi sana madarasani, Mtoro bin Mwinyi Bakari.

Mtoro alizaliwa Dunda, karibu na Bagamoyo, yapata mwaka 1869, akasoma, akawa mwalimu. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki. Wala hakuwa wa kwanza. Amur bin Nasur wa Unguja alikwishamtangulia. Tusishangilie haraka, lakini. Miongoni mwa waliofundishwa pale walikuwa maofisa waliokuwa wakiandaliwa kuja kututawala.

Mwaka 1903 kikatoka huko Göttingen kitabu kiitwacho Desturi za Wasuaheli, na mwaka huohuo tafsiri yake ya Kijerumani. Jina lililovuma nacho ni la Carl Velten, mhariri. Kumbe sehemu kubwa ya maneno yaliyomo ni ya Mtoro, pamoja na Waswahili wengine! Velten aliuliza, akapanga, akachapisha. Kazi hiyo ni yake na hatumnyang'anyi. Lakini kupanga mambo ya mtu siyo kuyasema.

Kuna watakaosema: hata hivyo hiyo siyo fasihi, ni elimu ya mila tu. Hebu wakisome kwanza. Kinaanza na uzazi, kinapita katika malezi, unyago, ndoa, ngoma, pepo, utumwa, madeni, hadi sheria. Mwandishi hatuambii tu kwamba posa ipo. Anatuonyesha nani anatumwa, anasema nini, anajibiwa nini. Sentensi ni fupi, zinakwenda kwa mwendo wa mtu anayesimulia barazani, na nyimbo na mafumbo yameingizwa humo pasipo kuombewa radhi. Mhakiki anayeona usanii katika hadithi simulizi hana sababu ya kuukana hapa. Tena tukumbuke kwamba ni maelezo yaliyotolewa mbele ya Mzungu mwenye maswali yake. Yako mambo ambayo mtu hamwambii mgeni. Kwangu mimi ukimya huo nao ni sehemu ya matini, na ndipo uhakiki unapotakiwa kufanya kazi.

Mwaka 1904 Mtoro alimwoa Mjerumani, Bertha Hilske. Ndoa ilikuwa halali kabisa kwa sheria ya huko. Mwaka 1905 wakapanda meli kurudi Afrika Mashariki. Walipofika, serikali ya koloni ikakataa wasishuke, eti Mwafrika kuwa na mke wa Kizungu kutaivunja heshima ya Wazungu wote. Akarudishwa Ujerumani akiwa ameiona pwani ya kwao kwa macho tu. Huyu ndiye aliyewafundisha lugha na kuwafafanulia, sura baada ya sura, jinsi Waswahili wanavyooana.

Baadaye alifundisha Hamburg chini ya Carl Meinhof, na akazunguka akitoa mihadhara juu ya Afrika Mashariki. Jina lake lilingoja sana kurudi jaladani: tafsiri ya Kiingereza ya J.W.T. Allen, iliyotoka 1981, ndiyo iliyomtaja Mtoro katika kichwa chake. Mwaka 2009 Mkuki na Nyota, hapa Dar es Salaam, wakachapisha wasifu wake ulioandikwa na Ludger Wimmelbücker, nao uko kwa Kiingereza.

Anayetaka kumwona Mtoro akisimulia kwa nafsi yake mwenyewe atafute Safari za Wasuaheli, 1901, kitabu kingine kilichohaririwa na Velten. Humo Mtoro anaeleza safari yake ya Udoe na Uzigua, na Selim bin Abakari anaeleza yake ya Urusi na Siberia (ndiyo, Siberia, kwa Kiswahili).

Mtoro alifia Berlin mwaka 1927. Uhuru wa Watumwa kilikuwa bado miaka saba.