Binti wa miaka tisa ameona damu: kemikali za nyumbani na hukumu ya baleghe



Kina mama hutuuliza kwa haya na khofu: binti ameona damu angali na miaka tisa. Ni maradhi, au amebaleghe?

Tuanze na mwili. Homoni ni ujumbe unaopita ndani ya damu, na estrojeni ndiyo inayomuotesha binti maziwa. Zipo kemikali zinazofanana nayo, mwili ukadanganyika, na nyengine huvuruga ujumbe wenyewe. Miongoni mwake ni thaleti, zinazotiwa katika manukato ili harufu idumu, na triklosani ya baadhi ya sabuni za kuua vijidudu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliwafuatilia watoto wa bonde la Salinas tangu matumboni mwa mama zao. Mwaka 2018 walieleza kuwa mabinti ambao mama zao walikuwa na kemikali hizo kwa wingi wakati wa ujauzito walianza kukua mapema zaidi. Huo ni uhusiano, si dalili ya kukata. Unene na urithi navyo vina nafasi. Basi asilaumiwe mama.

Ama hukumu, katika madhehebu ya Imamu Shaafi‘iy hedhi huwezekana kuanzia miaka tisa ya mwezi muandamo, takriban miaka minane na miezi tisa ya kalenda ya kawaida. Damu ikija umri huo, ikatimia mchana na usiku bila ya kuzidi siku kumi na tano, ni hedhi, hata ikiwa imeharakishwa na kemikali. Akitoharika atakoga, na Swala na Saumu zimemuwajibikia. Maziwa peke yake si baleghe. Wala baleghe si sababu ya kumkimbiza kwenye ndoa. Huyu ni mtoto wa darasa la tatu, anahitaji mama au somo wa kumfundisha tohara bila ya kumtisha.

Damu kabla ya umri huo si hedhi, apelekwe hospitali. Vivyo hivyo maziwa yakianza kabla ya miaka minane. Ipo tiba ya kusimamisha ukuaji huo kwa muda.

Manukato hatuyaharamishi, Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam) aliyapenda. Lakini mjamzito na watoto wapunguziwe losheni zenye harufu kali, sabuni ya kawaida inatosha, na chakula cha moto kisitiwe kwenye plastiki.

Wa Allaahu a‘lam.