Mtoto kagoma kofia? Usimchape, mzoeshe

Kwa mtoto mwenye ualbino kofia ni dawa ya kila siku. Kasheshe ni kwamba hii ni dawa ambayo mgonjwa mwenyewe anaweza kuivua na kuitupa kwenye matope.

Umemvalisha vizuri, kofia imemkaa, kapendeza kweli. Unageuka kuchukua beseni, ukirudi kofia iko chini ya mgomba na mwenyewe anakuangalia anacheka. Unamvalisha tena, anaivua tena. Mara ya tano unapandisha sauti. Mara ya saba unachoka: “Haya, kaa hivyohivyo, utajijua!”

Mama mwenzangu, hauko peke yako. Watoto wa mwaka mmoja hadi mitatu dunia nzima wana ugomvi na kofia. Ndio umri wa kusema “sitaki” hata kwa kitu anachokitaka. Mtoto ambaye ngozi yake ina melanini ya kutosha, yaani ile rangi inayozuia mionzi ya jua, akitupa kofia yake hasara ni ndogo, kwani amezaliwa na mwavuli wake. Lakini kama unamlea mtoto mwenye ualbino, hapo Rubya au popote pale Muleba na Bukoba, unajua kwamba mwanao hana mwavuli huo. Ukikata tamaa wewe, jua halikati tamaa.

Na madhara hayasubiri akue. Uchunguzi wa watu 350 wenye ualbino jijini Dar es Salaam, uliochapishwa mwaka 1985, ulionyesha kuwa ngozi huanza kuharibiwa na jua tangu mwaka wa kwanza wa maisha. Saratani ya ngozi inayomkuta kijana wa miaka 25 ilianza kuandaliwa siku alizokuwa akitambaa uani. Habari njema ni kwamba saratani hiyo inazuilika kwa kiasi kikubwa, na kinga yake inaanza na vitu rahisi: kivuli, nguo ndefu na kofia.

“Lakini huku kwetu kuna mawingu!”

Hapa ndipo wazazi wengi wa Kagera tunapopigwa chenga. Bukoba inapata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka. Asubuhi kuna ukungu, mchana mawingu, jioni baridi ya vilimani. Mtu wa Dodoma akisikia tunahangaika na jua atacheka.

Tatizo ni kwamba mionzi inayounguza ngozi si ile inayoleta joto. Huwezi kuisikia mwilini, na sehemu kubwa yake inapenya mawingu mepesi kama kawaida. Tena mkoa huu uko karibu kabisa na Ikweta, ambako jua la mchana huwa karibu utosini mwaka mzima. Ongeza na mwinuko: Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na vilima vya Muleba viko juu zaidi ya hapo. Kila unapopanda mita 1,000, mionzi hiyo inaongezeka kwa takriban asilimia 10.

Kwa hiyo usipime kwa joto, pima kwa kivuli. Simama nje uangalie kivuli chako. Kikiwa kifupi kuliko wewe mwenyewe, jua ni kali, hata kama umevaa sweta. Saa mbaya zaidi ni kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni. Siku ya mawingu usipoona kivuli kabisa, angalia saa.

Kwa nini anaivua?

Mtoto wa miaka miwili hawezi kukwambia “Mama, inanibana.” Anachoweza ni kuivua. Kabla hujamwita mtundu, ikague kofia yenyewe.

Inabana au inawasha. Pitisha vidole viwili kati ya kofia na kichwa. Visipopita, kofia ni ndogo. Geuza ndani uangalie mishono na ile lebo ngumu ya nyuma. Ikate.

Ina joto. Kofia ya sufu ni ya baridi ya usiku. Mchana anataka pamba nyepesi.

Inamziba macho. Hili ni kubwa, tena linasahaulika. Watoto wengi wenye ualbino huzaliwa na uoni hafifu, na mara nyingi macho yao huchezacheza. Ukimvika kofia yenye ukingo laini unaoangukia usoni, umemwibia hata kile kidogo anachokiona. Lazima aivue! Tafuta kofia yenye ukingo mgumu kidogo unaosimama mbele.

Na hapohapo ndipo penye bahati yako. Mwanga mkali unamuumiza macho, ndiyo maana akitoka nje anakunja uso. Kofia iliyokaa vizuri inampa nafuu palepale. Siku akigundua kwamba “nikiivaa naona vizuri”, nusu ya vita umeshinda.

Kofia ya kununua, kofia ya kushona

Kapelo inapendeza kwenye picha, lakini inaacha masikio, mashavu na shingo wazi, na hapo ndipo jua linapopiga sana. Unayoitaka ni pama, yenye ukingo unaozunguka kichwa chote. Kwa mtoto mdogo ukingo usipungue sentimita 5. Kwa mtu mzima sentimita 7.5.

Kwenye mitumba, iinue kofia uiangalie dhidi ya mwanga. Ukiona mwanga unapenya kwenye nyuzi, irudishe, maana na jua litapita hukohuko. Usipopata ya saizi yake, nenda kwa fundi cherehani na kipande cha kitenge kizito. Mwambie aweke tabaka mbili kwenye ukingo na kitambaa kigumu katikati, kama kile cha kola ya shati. Agiza mbili, moja ikifuliwa nyingine iko kichwani.

Kamba je? Inasaidia, ila kwa mtoto mdogo kamba ya kufunga kidevuni inaweza kunasa kwenye tawi ikamkaba. Mwambie fundi aweke kishikizo kinachoachia kikivutwa, au lastiki laini nyuma ya kisogo. Akilala, mvue.

Mbinu sita za kumzoesha

1. Anza mapema. Mtoto aliyevaa kofia tangu yuko kwenye mbeleko haioni kuwa ni kitu kigeni. Kama wako ameshafika miaka miwili bila kuzoea, usijali, itachukua siku nyingi zaidi tu.

2. Ifunge kwenye mlango. Watoto wadogo wanapenda utaratibu. Piga msumari karibu na mlango, kwenye urefu anaoufikia, na kofia yake ikae hapo. Viatu, kofia, nje. Kila siku, jua liwepo lisiwepo. Ukimvalisha leo na kesho ukaacha kwa sababu kuna mawingu, umemfundisha kuwa kofia ni jambo la kubishania.

3. Nyumba nzima ivae. Hii ndiyo kubwa kuliko zote. Mtoto anaiga. Kama ni yeye peke yake mwenye kofia kati ya watoto watano, atajua kuna kitu kinamtenga, na ataivua afanane na wenzake. Mvalishe kaka yake, mvalishe dada yake, vaa na wewe unapokwenda shambani. Australia, nchi yenye saratani nyingi sana ya ngozi, walianza kampeni ya kuvaa shati, kupaka mafuta na kuvaa kofia mwaka 1981. Leo shule nyingi za msingi huko zina sheria moja: huna kofia, unacheza kivulini. Haimhusu mtoto mmoja, inawahusu wote, ndiyo maana inakubalika.

4. Mpe uchaguzi mdogo. Usimuulize “Utavaa kofia?” Jibu unalijua. Muulize “Leo ya bluu au ya njano?” Anajiona mkubwa, na kofia inavaliwa.

5. Mpe kazi ya mikono. Dakika tatu za kwanza ndizo ngumu. Mvalishe, halafu hapohapo mpe kikombe cha kuchotea maharage, au mwite aone kuku. Mikono ikiwa na kazi haikumbuki kichwa. Na akikaa nayo msifie, mwambie kapendeza.

6. Akiivua, mchezo unahamia kivulini. Bila kelele, bila kofi, bila kumtisha kwamba “jua litakula”. Mnyanyue, mpeleke kibarazani au chini ya mti wenye kivuli kizito, mwambie kwa upole: “Ukivaa kofia tunarudi.” Leo atalia. Kesho atalia. Ukishikilia msimamo bila kubadilika, ataelewa kofia ndiyo tiketi ya kutoka. Ukimchapa, ataelewa kofia ndiyo adhabu yenyewe.

Jiandae kwa msimu wa senene. Siku hizo hakuna mtoto anayekaa ndani, na mbio za kuwafukuza asubuhi zinaangusha kofia zote. Hapo lastiki ya kisogo ndiyo itakayokusaidia.

Bibi, baba na maneno ya watu

Wewe unaweza kushika utaratibu wiki nzima, Jumamosi akaenda kwa bibi na yote yakaharibika. Bibi amelea watoto wake wote kwa kuwaotesha jua la asubuhi, na anaamini mtoto asiyeota jua hatakuwa na mifupa. Usibishane naye mbele za watu. Mpe heshima yake, halafu mpe cheo: “Mama, naomba unisaidie jambo moja. Daktari amesema ngozi ya huyu inaungua upesi. Wewe ndiye mlinzi wa kofia yake akiwa hapa.” Bibi aliyepewa cheo halegezi hata dakika. Suala la kuota jua mlipeleke kliniki mkaulize pamoja, aisikie mwenyewe.

Na baba? Tuseme ukweli, zipo ndoa zilizovunjika siku mtoto alipozaliwa, mama akiambiwa ameleta mkosi au ametoka nje. Ukweli wa kitaalamu ni kwamba, kwa aina za ualbino zinazogusa ngozi, nywele na macho, mtoto anarithi kutoka kwa wazazi wote wawili. Baba ana chembe, mama ana chembe, na hakuna aliyejua. Kila mimba yao ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mwenye ualbino. Hakuna wa kulaumiwa. Kwa hiyo baba, vaa pama yako, mbebe mwanao begani mwende sokoni. Hakuna somo la kofia linalozidi hilo.

Kofia ya kutokea nje

Kuna jambo haliwezi kurukwa katika wilaya hii. Mwishoni mwa Mei 2024 mtoto wa kike wa miaka miwili na nusu mwenye ualbino alichukuliwa kwa nguvu nyumbani kwao wilayani Muleba. Mwezi uliofuata mwili wake ulipatikana, ukiwa umekatwa viungo. Kanda ya Ziwa ilikuwa imeshapitia miaka ya mashambulizi kama hayo, hasa kuanzia 2006, na watu wengi walidhani yamepita. Tangu hapo mama wa mtoto kama huyo anapofunga mlango, anafunga kwa sababu mbili: jua na watu.

Hofu hiyo ni ya haki, na hakuna makala itakayomwambia mama aache kuogopa. Mtoto huyu asiachwe peke yake, usiku milango ifungwe, majirani wajuane, na mgeni anayeulizaulizia taarifa zake aripotiwe kwa mwenyekiti wa kitongoji na polisi mara moja. Lakini kumficha ndani siku zote kuna gharama yake. Mtoto asiyefahamika hana wa kumtetea, na mtoto asiyecheza hakui vizuri. Kofia haikushonwa kwa ajili ya kumficha. Imeshonwa ili mchana awe uani pamoja na wenzake, akionwa na watu wanaomjua kwa jina.

Kumbuka pia

Kofia peke yake haitoshi. Ongeza shati la mikono mirefu na suruali ya kitambaa kilichoshikana. Mafuta ya kukinga jua, yenye SPF 30 au zaidi, yapakwe sehemu zilizobaki wazi kama uso na mikono. Kwa mtoto aliye chini ya miezi sita, tegemea kivuli na nguo kwanza. Huko Moshi, katika hospitali ya KCMC, yalibuniwa mafuta ya Kilisun, maalumu kwa watu wenye ualbino. Ulizia hospitali ya wilaya au Chama cha Watu wenye Ualbino Tanzania (TAS), kilichoanzishwa mwaka 1978, namna ya kuyapata, na umpeleke mtoto akapimwe macho na ngozi mara kwa mara. Kidonda chochote kisichopona, usikisubiri.

Basi mama, kesho asubuhi usianze na mtoto. Anza na msumari pale mlangoni, tundika kofia mbili: yako na yake. Vaa yako kwanza, utoke, umwite.