Ng'ombe Akitupa Mimba, Angalia Mikono Yako

Asubuhi moja mzee mmoja wa upande wa Bomet alikuja mezani kwangu ofisini akasema, “Kijana wangu, ng'ombe wangu ametupa mimba usiku. Nimemvuta ndama kwa mikono yangu, na mbwa wamekwisha kumla. Je, maziwa ya ng'ombe huyu naweza kuwapa watoto?” Nilimpeleka kwa bwana mifugo upesi, maana swali lake lilikuwa kubwa kuliko alivyodhani.

Yako maradhi mengi yanayomfanya ng'ombe kutupa mimba. Moja ni Homa ya Bonde la Ufa. Ugonjwa huu ulitambuliwa kwanza katika nchi yetu wenyewe, karibu na Ziwa Naivasha, kondoo walipokufa kwa wingi katika shamba moja. Wataalamu walieleza habari zake mwaka 1931. Huletwa na virusi vinavyoenezwa na mbu, na mayai ya baadhi ya mbu hao hukaa ardhini miaka mingi yakingoja mafuriko.

Mwisho wa mwaka 2006, baada ya mvua kubwa, ugonjwa ulitokea Garissa ukaenea kwingine. Kufikia Machi 2007 Shirika la Afya Duniani lilikuwa limehesabu wagonjwa 684 katika Kenya, na 155 kati yao walikufa.

NANI HUFA?

Wengi wanaoambukizwa hupata homa na maumivu ya mwili siku chache, wakapona. Wachache huharibika ini, macho yakawa manjano, wakatokwa na damu puani na katika fizi, au wakatapika damu. Katika hao, karibu nusu hufa, mara nyingi siku ya tatu hadi ya sita tangu kuugua.

Kwa nini mmoja apone na jirani yake afe? Wachunguzi waliuliza swali hilo hapa Kenya katika mlipuko ule. Waliona kwamba kugusa mimba iliyotupwa kulifuatana na ugonjwa mkali zaidi, na kula au kushika vitu vya mnyama mgonjwa, kama nyama na maziwa, kulifuatana na kifo. Mbu huleta ugonjwa bomani, lakini mkono, kisu na sufuria huuingiza nyumbani.

SISI WA NCHI YA CHAI

Mtu wa Kericho aweza kusema, “Garissa ni mbali.” Lakini mvua tunayo, na ng'ombe wa sokoni hutoka mbali. Tena ng'ombe akikaribia kufa, watu humchinja upesi ili nyama isipotee, na majirani wakagawana. Najua uchungu wake. Kwa wengi wetu ng'ombe wa maziwa ndiye karo ya watoto. Lakini ng'ombe aliyekufa ni hasara moja. Baba akifa kwa kumchuna, hiyo ni hasara isiyolipika.

Basi shika mambo haya:

1. Usiguse ndama aliyetupwa wala kondo la nyuma kwa mikono mitupu. Vaa glavu za mpira, uzike chini sana mbwa wasifukue, kisha unawe kwa sabuni.

2. Usimchinje wala kumchuna mnyama mgonjwa. Mwite bwana mifugo.

3. Maziwa ya ng'ombe mgonjwa yamwagwe. Mengine yote yachemshwe mpaka yatokote, hata ya mursik, yapoe ndipo yatiwe kibuyuni.

4. Uliza habari za chanjo ya mifugo kabla ya mvua kubwa. Ugonjwa ukiisha kuingia, sindano moja ikipita ng'ombe hata ng'ombe yaweza kuueneza.

5. Ukipata homa baada ya kushika mnyama mgonjwa, nenda hospitali siku hiyo hiyo, umweleze daktari habari za mnyama. Usingoje damu.

Mzee yule alijiangalia siku saba, homa haikuja. Alinunua glavu, akarudi kuniuliza, “Mbona hamkutuambia mapema?” Ndiyo sababu nimeandika haya.