“The” Imejificha Ndani ya Kitenzi

Mwaka 1909 kilichapishwa Berlin kitabu cha sarufi ya Chasu, lugha ya Wapare. Mwandishi wake, Ernst Kotz, alikuwa mmisionari Mjerumani wa Waadventista Wasabato, kanisa lililofungua kituo chake cha kwanza Upareni, pale Giti, mwaka 1903. Kitabu cha namna hiyo hakiandikwi mpaka mtu akae kwanza akiwasikiliza wenye lugha wakisimulia, wakibishana, wakiuziana mbuzi. Maneno hutangulia, kanuni huokotwa baadaye ndani ya maneno hayo.

Mtoto wa Same, huko huko Upareni, anayejifunza Kiingereza leo anapitishwa njia hiyo hiyo kinyumenyume. Amefanya mtihani wa kumaliza shule ya msingi mwezi Septemba, na kati ya hapo na Januari wazazi wenye uwezo wanampeleka “pre-form one”, yaani tuisheni ya kumwandaa kwa kidato cha kwanza. Nimeyapitia madaftari mengi ya tuisheni hizo. Ukurasa wa kwanza una jedwali la nyakati, kumi na mbili kwa idadi. Unaofuata una sentensi ishirini zenye nafasi za kujaza. Mtoto anaona “he”, anaandika “goes”, anapata vema. Nani anakwenda, anakwenda wapi na kwa sababu gani, hakuna aliyemuuliza. Januari anafunguliwa kitabu cha Biology chenye aya ya mistari tisa, anaisoma kwa sauti safi kabisa, kisha anainua macho na humo ndani hakuna alichokipata.

Mjadala wa lugha ya kufundishia ni wa siku nyingi. Tume ya elimu ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kipande hadi sekondari. Serikali ikabaki na Kiingereza. Mwaka 1984 Waingereza wawili, Criper na Dodd, waliokuja kupima hali ilivyo, wakaripoti kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi hakitoshi kusomea masomo mengine. Mimi niko upande wa Makweta, sifichi. Lakini kijana aliyeko kidato cha pili hawezi kuusubiri mjadala uishe, maana karatasi yake ya mtihani wa taifa itakuja kwa Kiingereza. Kwa hiyo niseme ninachokijua kuhusu kusoma, halafu nije kwenye sarufi, kwa sababu hivyo viwili hutenganishwa kwenye ratiba wakati kichwani vinaishi chumba kimoja.

Kusoma kuna hesabu yake. Mwaka 2000 watafiti wawili, Hu na Paul Nation, walichukua hadithi ya Kiingereza wakaondoa baadhi ya maneno na kuweka maneno ya kubuni yasiyo na maana, ili wajue hasa msomaji anayajua maneno mangapi. Waliosoma nakala ambayo asilimia 80 ya maneno yake yalikuwa ya kweli, hakuna hata mmoja aliyeielewa vya kutosha. Ili wengi waelewe bila msaada ilihitajika karibu asilimia 98. Asilimia 80 kwenye mtihani wa kidato cha nne ni A. Kwenye kusoma ni giza. Chukua ukurasa wa maneno 200: asilimia 80 ina maana kuna maneno 40 ambayo hujui, asilimia 98 ina maana ni manne tu. Zoezi la ufahamu lenye maneno 40 mageni halimfundishi mtoto kusoma. Linamfundisha kutafuta neno la kwenye swali ndani ya habari, kunakili sentensi iliyo jirani nalo, na kumwombea msahihishaji huruma.

Kwa hiyo kitu cha kwanza ninachowaambia walimu na wazazi ni kushuka ngazi bila aibu. Mtoto afungue ukurasa na kukunja kidole kila anapokutana na neno asilolijua. Vidole vitano vikiisha kabla ya ukurasa kuisha, kitabu kirudi kabatini. Vitabu vyepesi vipo: “Hawa the Bus Driver” na “Mabala the Farmer” vya Richard Mabala vimesomwa na vizazi kadhaa vya wanafunzi wetu, na mtu wa kidato cha tatu asione haya kuvisoma tena. Ni afadhali amalize vinne vyepesi kuliko kuburuza miguu miezi mitatu ndani ya riwaya moja ya mtihani ambayo mwishowe atakariri muhtasari wake. Huko Fiji, mwanzoni mwa miaka ya 1980, Warwick Elley na Francis Mangubhai walipeleka vitabu vya hadithi 250 katika madarasa ya shule za vijijini ambazo hazikuwa na vitabu vya kutosha. Watoto waliosoma hadithi hizo waliwaacha mbali wenzao waliobaki na masomo ya kawaida ya Kiingereza. Hakuna aliyewaongezea vipindi vya sarufi.

Najua jibu la mwalimu wa Chome au Vudee: vitabu 250 nitavitoa wapi? Maktaba ya mkoa iko Moshi, zaidi ya kilomita 100 kutoka Same mjini, na kutoka mlimani ongeza safari ya kushuka. Maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania inatoa vitabu vya kiada bure, lakini inataka simu na bando. Nitarudi kwenye swali hilo, kwa sababu kuna zoezi lisilohitaji kitabu hata kimoja.

Kwanza sarufi. Tunaifundisha kana kwamba mtoto kaja na kichwa kitupu, na hilo ndilo kosa linalonikera kuliko yote. Mtoto wa Mbaga anaingia darasani na sarufi mbili kamili, ya Chasu na ya Kiswahili, na nyingi ya kanuni za Kiingereza zinazomtesa zina ndugu humo. Nyingine zina adui, na adui naye ni vizuri kumjua kwa jina.

Tuanze na “a” na “the”. Vitabu husema Kiswahili hakina vijineno hivyo, na walimu hufunga mjadala hapo. Sikiliza basi sentensi mbili: “Nimenunua kitabu” na “Nimekinunua kitabu”. Ya kwanza unaweza kumwambia mtu yeyote uliyekutana naye stendi. Ya pili, ukimwambia mtu huyo, atakuuliza: kitabu kipi? Ile “ki” ya katikati inadai kwamba msikilizaji anakijua kitabu kinachozungumzwa, kwamba kilishatajwa au mlikubaliana jana kwamba utakinunua. Kazi hiyo ndiyo ya “the”, kwa sehemu kubwa. Haikai mbele ya nomino kama kwa Waingereza. Imejificha ndani ya kitenzi. Si kila mahali inafuatana sawasawa, hasa tukizungumzia watu, ambao Kiswahili huwawekea kiambishi karibu kila mara. Lakini mwanafunzi akishaiona “ki” ile anaacha kutupia “the” kila mahali kama chumvi.

Adui ni “-me-”. Mwalimu anaandika ubaoni kwamba “amekula” ni “he has eaten”, na ni kweli. Kijana anaondoka na kanuni hiyo na kuitumia kwa uaminifu: “amelala” inakuwa “he has slept”, “amesimama” inakuwa “he has stood”, “amevaa” inakuwa “he has worn”. Mwingereza akisoma hapo anaona mtu aliyekwisha kuamka, wakati mwandishi anamwona bado yuko kitandani, anakoroma. Kiswahili hutumia “-me-” kwa kitendo kilichokwisha na pia kwa hali inayoendelea baada ya kitendo. Kiingereza huzigawa kazi hizo mbili. Nikisahihisha insha sitii alama nyekundu hapo mpaka nimewauliza wanafunzi: huyu mtu bado amelala? Wakisema ndiyo, basi ni “is sleeping” au “is asleep”, na hawasahau. Jedwali la nyakati kumi na mbili lisingeligusa kosa hili kamwe, maana halijui kwamba kuna “-me-”.

Lipo jingine ambalo huonekana hasa katika masomo ya sayansi na jiografia, na walimu wa masomo hayo hudhani si kazi yao. Kiswahili hutanguliza kichwa cha maneno: hatua za kudhibiti mmomonyoko wa udongo. Unaanza na hatua, unajua mara moja tunazungumzia hatua. Kiingereza hukirundika kichwa nyuma kabisa: “soil erosion control measures”. Mtoto aliyezoea kushika neno la kwanza anashika udongo, na aya nzima kwake inakuwa habari ya udongo. Dawa ni kumzoesha kuanza na neno la mwisho la rundo na kurudi nyuma: hatua, za kudhibiti, mmomonyoko, wa udongo. Mtoto wa milima hii, aliyeona matuta yakisombwa na mvua za masika, mmomonyoko anaujua kuliko aliyeandika kitabu. Kinachomkwamisha ni mpangilio wa maneno manne. Dakika kumi za zoezi hili kila wiki, kwa vichwa vya habari vilivyotolewa kwenye kitabu cha Geography, zinafanya kazi kuliko kukariri orodha ya istilahi.

“He” na “she” nitapita haraka. Kiambishi “a-” hakibagui jinsia, kwa hiyo wanafunzi huona “she” kama pambo tu. Wakati wa kusoma ni hasara, kwa sababu aya yenye dereva mwanamke na kondakta mwanamume humwambia msomaji nani kafanya nini kwa herufi moja tu ya ziada. Vihusishi navyo, “in”, “at” na “on”, ambavyo vyote Kiswahili huvikunja ndani ya “-ni”, sijaona kanuni iliyomsaidia mtu. Vinaingia kwa kusoma.

Sasa lile zoezi lisilohitaji kitabu. Mwaka 1990 Ruth Wajnryb wa Australia alieleza kwa kirefu aina ya imla ambayo mwanafunzi haandiki neno kwa neno. Mwalimu anasoma habari fupi mara mbili kwa mwendo wa kawaida. Mara ya kwanza wanasikiliza tu, kalamu mezani. Mara ya pili wananukuu maneno machache wanayoweza kuyadaka. Halafu wanakaa vikundi vya watatu au wanne na kuijenga habari upya, sentensi kamili, yenye maana ile ile. Mwisho wanalinganisha walichojenga na cha asili. Lugha ya kubishana ndani ya kikundi iwe yoyote. Mimi nasisitiza Kiswahili, au Chasu wakitaka, na najua kuna shule ambazo bado huwavalisha watoto kibao shingoni kwa kosa la kuzungumza lugha ya mama zao. Mtoto anayeogopa kibao huwa kimya, na aliye kimya hawezi kubishana kuhusu “a” na “the”.

Habari iwe ya kitu wanachokijua. Niliwahi kuifanya imla hii na kidato cha pili cha shule moja ya mlimani, nikitumia ndiva, lile bwawa dogo ambalo wazee wetu walilijenga kukusanya maji ya kijito usiku ili yafunguliwe mchana kumwagilia mashamba. Niliandika sentensi nne: “Our grandparents built a ndiva above the village. At night the water collects in it. In the morning a man opens the outlet, and the water runs down to the farms. Nobody may open it before him.” Hakuna neno gumu humo isipokuwa “outlet”, na hilo nililichora ubaoni.

Sarufi iliyomo kwenye sentensi hizo ingejaza mwezi. “Built” imekwisha, “collects” na “opens” ni za kila siku, “may” ni ruhusa, “it” inarudi kwa ndiva na “him” inarudi kwa mtu yule. Sikutaja jina la wakati wowote. Nilizunguka tu kusikiliza. Kikundi kimoja kiliandika “the man opens”, kingine “a man”, na waliponiuliza niliwarudishia swali: huyu mtu alishatajwa? Wakaona wenyewe kwamba hajatajwa.

Lakini ugomvi mkubwa ulikuwa kwenye sentensi ya kwanza. Kuna utani kwamba Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya mbuzi, na siku ile niliuamini. Kijana mmoja alishikilia kwamba iwe “the ndiva”, kwa hoja nzuri tu: kila mtu kijijini anajua ndiva ipi, hakuna haja ya kuitambulisha. Msichana wa kikundi cha pili akamjibu kwamba anayesoma habari hii si wa kijijini, kwa hiyo lazima kwanza itajwe kama ngeni. Akasema hata kwa Kiswahili ungemwambia mgeni “wazee walijenga ndiva”, huwezi kuanza na “waliijenga”. Darasa likagawanyika. Kijana akakataa katakata: ndiva ni moja, haiwezi kuwa “a”. Kengele ilikuwa imeshalia na watu wa Kemia wamesimama mlangoni pale mtoto mmoja wa dawati la nyuma, ambaye muhula mzima sikuwahi kusikia sauti yake, aliponyoosha mkono.

“Mwalimu,” akasema, “juu ya kwetu ziko mbili.”