Mtambo Mpya na Michezo Yake ya Kwanza

Gulwe, katika wilaya ya Mpwapwa, hupitiwa na reli mbili. Ya kwanza ni Reli ya Kati iliyojengwa wakati wa utawala wa Wajerumani, nayo ilifika Dodoma mwaka 1910. Upana wake, yaani nafasi iliyopo baina ya chuma kimoja na cha pili, ni milimita 1,000. Ya pili ni reli ya umeme, ambayo treni zake za abiria zilianza safari kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024. Upana wake ni milimita 1,435. Tofauti baina ya reli hizi haifiki hata nusu mita. Hata hivyo, yatosha kulizuia behewa lolote la reli ya zamani lisipite juu ya ile mpya. Ndiyo maana reli mpya, pamoja na uzuri wake wote, haikuwa na faida kwa msafiri mpaka vichwa vya treni na mabehewa yake yenyewe yalipowasili nchini.

Kanuni hiyo hiyo hutawala chombo ambacho vijana wengi hukizungumza kwa shauku kubwa, nacho ni mtambo wa michezo ya video. Kila baada ya miaka kadhaa, makampuni kama Nintendo na Sony ya Japani, au Microsoft ya Marekani, hutangaza mtambo mpya. Tangazo likishatoka, watu huuliza zaidi juu ya michezo itakayouzwa pamoja na mtambo siku ya kwanza kuliko juu ya mtambo wenyewe. Je, itakuwa michezo mipya, au ya zamani iliyopambwa upya? Je, itastahili fedha zinazodaiwa? Maswali hayo huweza kuonekana ya kitoto. Kwa hakika yamebeba somo la uhandisi, la hesabu na la uchumi, na somo hilo lamhusu mwanafunzi wa Gulwe sawa na linavyomhusu mwanafunzi wa Tokyo.

UBAO NA SHERIA ZA MCHEZO

Mtambo wa michezo ya video ni kompyuta iliyoundwa hasa kwa kazi ya kuchora picha upesi na kuzibadili mara tu mchezaji anapobonyeza kitufe. Ili kuelewa uhusiano wa mtambo na mchezo, yafaa kuutazama mchezo wa bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Ubao peke yake ni gogo lililochongwa. Unapata uhai pale wachezaji wawili wanapozijua sheria: lini kunamua, lini kutakata, na lini mtu ana haki ya kuzila kete za mwenziwe. Juu ya ubao huo huo, mtoto aweza kufundishwa bao rahisi la kujifunzia, na jioni mabingwa wakakaa kucheza lile lenye sheria nzito. Ubao ni mmoja, michezo ni mingi. Katika elimu ya kompyuta, ubao ni mfano wa mtambo, na sheria ni mfano wa programu.

Ukubwa wa kazi ya mtambo waweza kupimwa kwa hesabu ya darasani. Nintendo ilipoanza kuuza mtambo wake uitwao Famicom huko Japani mwaka 1983, picha yake ilikuwa na nukta 256 kwa upana na 240 kwa kimo, yaani nukta 61,440. Picha iliyo ya kawaida katika televisheni za siku hizi ina nukta 1,920 kwa 1,080, yaani nukta 2,073,600. Ili mwendo uonekane laini, mtambo huchora picha 60 kila sekunde. Hivyo hapana budi upange rangi ya nukta 124,416,000 kwa sekunde moja, na kila picha imetengewa milisekunde 17 hivi. Ndani ya muda huo mfupi mtambo hupokea amri ya kidole, hukokotoa mpira umefika wapi kwa kufuata kanuni za mwendo za Newton, huangalia kama umegonga mwamba wa goli, kisha huchora wachezaji, majani na vivuli. Kazi hiyo ikichelewa, picha hukwama, na mchezaji huona mara moja.

KWA NINI SIKU YA KWANZA NI NGUMU

Kampuni inayotoa mtambo mpya hukabiliwa na tatizo la kale la biashara. Mnunuzi hanunui mtambo usio na michezo, na mtunzi wa michezo hapendi kutunga kwa ajili ya mtambo usio na wanunuzi. Kwa hiyo kampuni hujitahidi kuufungua mlango kwa mchezo mmoja wenye mvuto mkubwa. Mwaka 1989 Game Boy iliuzwa Marekani ikiwa pamoja na Tetris, mchezo uliobuniwa na Alexey Pajitnov mjini Moscow. Mwaka 2006 mtambo wa Wii ulitolewa katika nchi nyingi pamoja na Wii Sports, na wazee ambao hawakuwa wamegusa mtambo wa michezo maishani mwao walijikuta wakirusha mikono mbele ya televisheni. Mwezi Juni 2025 Nintendo ilitoa mtambo wa Switch 2, na mchezo uliobeba matumaini ya wengi ulikuwa Mario Kart World.

Njia nyingine ni kuuwezesha mtambo mpya kuipokea michezo ya zamani. PlayStation 2, iliyotolewa Japani mwaka 2000, iliweza kucheza diski za PlayStation ya kwanza. Aliyeinunua hakulazimika kuitupa akiba yake, na mtambo huo uliuzwa kwa idadi ipitayo milioni 150. Ni kana kwamba reli mpya ya Gulwe ingejengwa kwa namna ya kuyapokea na mabehewa ya zamani pia: gharama ingeongezeka, lakini hakuna behewa ambalo lingeachwa kando.

Pamoja na hayo, mara nyingi michezo ya kwanza haifikii matumaini ya watu, na sababu ni za kiufundi. Watunzi huanza kazi kabla mtambo haujakamilika. Hawajazijua bado njia za mkato za kuutumia, na tarehe ya kuuza haiwasubiri. Famicom ilianza na michezo mitatu tu: Donkey Kong, Donkey Kong Jr. na Popeye. Mchezo ulioupa mtambo huo sifa kubwa zaidi, Super Mario Bros., ulitoka mwaka 1985, miaka miwili baadaye. Programu yake na picha zake zote zilienea katika kilobaiti 40, kiasi kilicho kidogo sana kuliko picha moja ipigwayo kwa simu ya leo. Mtambo haukuwa umebadilika kwa sehemu kubwa. Kilichokua ni ujuzi wa watu.

Haraka nayo ina gharama yake. Mwaka 1982 kampuni ya Atari ilitaka kuuwahi msimu wa Krismasi kwa mchezo uliotokana na sinema ya E.T., na mtunzi wake, Howard Scott Warshaw, alipewa majuma matano hivi kuutunga. Wanunuzi waliukataa. Mwaka uliofuata biashara ya michezo hiyo iliporomoka Marekani, na shehena ya Atari, yenye nakala za mchezo huo, ilifukiwa ardhini huko Alamogordo, New Mexico. Ilifukuliwa mwaka 2014.

MATUMAINI YANAPOFIKA BARA

Historia ya Tanzania katika jambo hili ina upekee wake. Zanzibar ilianzisha televisheni mwaka 1973. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na Tanzania Bara haikupata kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Kwa hiyo, wakati watoto wa Japani wakiifungua Famicom mwaka 1983, nyumba ya kawaida mkoani Dodoma haikuwa na sababu ya kuwa na kioo cha kuiunganishia.

Siku hizi kioo kipo na umeme umesambaa, lakini njia ya mtambo bado ni ndefu. Katika miji mingi midogo mtambo hauwekwi sebuleni. Hukaa kibandani, na vijana hulipia mechi moja moja ya kandanda. Aghalabu mtambo huo si ule uliotangazwa mwaka huu, bali ni wa kizazi kilichopita, uliokwisha kutumiwa na mtu mwingine mahali pengine. Kijana wa kibandani hupokea michezo baada ya ulimwengu kuichambua. Kuchelewa huku kuna faida moja: mbovu imekwisha kujulikana, na bei imeshuka.

Faida hiyo, hata hivyo, imo hatarini. Diski ya zamani ilibeba mchezo mzima, na iliweza kusafiri kwa treni au basi hadi Gulwe na kuchezwa miaka 10 baadaye. Michezo mingi ya sasa hupakuliwa kwa intaneti. Baadhi ya kadi za Switch 2 hazina mchezo ndani yake kamwe. Zina ufunguo tu, na mchezo wenyewe sharti upakuliwe. Chukua mfano wa mchezo wenye gigabaiti 50 na intaneti yenye kasi ya megabiti 5 kwa sekunde. Kwa kuwa baiti moja ni biti 8, mzigo ni megabiti 400,000, na kuupakua huchukua sekunde 80,000, yaani zaidi ya saa 22, mbali na gharama ya kifurushi. Tena, mchezo unaotegemea kompyuta za kampuni hufa siku kompyuta hizo zinapozimwa. Mchezo wa The Crew wa kampuni ya Ubisoft, uliotoka mwaka 2014, ulizimwa tarehe 31 Machi 2024, na hata wale waliokuwa wameununua hawakuweza kuucheza tena. Anayepokea mtambo kwa kuchelewa ndiye atakayeumizwa kwanza na utaratibu huu.

KUTOKA KUCHEZA HADI KUTUNGA

Hapo ndipo tumaini jingine linapostahili kutajwa, yaani la kutunga michezo nyumbani. Mwaka 2007 Mkenya Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi, mmoja wa michezo ya mwanzo ya picha zenye kina kutungwa katika eneo hili la Afrika. Lual Mayen, aliyezaliwa katika familia ya wakimbizi wa Sudani Kusini na kukulia kambini kaskazini mwa Uganda, alijifunza mwenyewe kuandika programu kwa kompyuta ambayo mama yake aliiwekea akiba kwa miaka mitatu. Kuichaji tu kulimlazimu kutembea mwendo mrefu kwa miguu. Kutokana na bidii hiyo ulizaliwa mchezo uitwao Salaam, ambao mchezaji wake ni mkimbizi anayetafuta amani.

Elimu wanayoihitaji watunzi wa namna hiyo imo katika vitabu vya sekondari: majira ya nukta na vekta katika hesabu, mwendo na mgongano katika fizikia, na lugha iliyo safi ya kusimulia. Shule isiyo na kompyuta nayo yaweza kuanza. Mwalimu awape wanafunzi ubao wa bao na karatasi, awaagize waandike sheria ya kutakata hatua kwa hatua, kwa uwazi ambao mtu asiyeujua mchezo ataweza kuufuata bila kuuliza swali. Kisha karatasi ipewe darasa jingine lijaribu. Pale litakapokwama, ndipo kosa la programu lilipo, na waandishi wairudie kazi yao. Watunzi wa Famicom nao walifanya kazi ya aina hiyo hiyo, na baada ya michezo mitatu ya kwanza iliwachukua miaka miwili kuufikia Super Mario Bros.